Ndala Iliyomvuka Asijue: Uchambuzi wa Kisa cha Ganzi ya Kisukari katika Nyanda za Njombe

Harufu ndiyo iliyomwokoa. Jioni moja ya mwezi Julai, wakati baridi ya Njombe inapowafanya watu wafunge milango kabla jua halijazama, mama mmoja wa miaka 58 alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni, miguu ameielekeza kwenye jiko la mkaa, akizungumza na jirani yake juu ya bei ya viazi. Mjukuu wake wa darasa la tano, aliyekuwa akimenya viazi pembeni, alisikia harufu ya kitu kinachoungua akadhani ni kitambaa cha kuepulia sufuria. Alipoinama kukitafuta aliona ncha ya soksi ya bibi yake imeyeyuka na kushikana na ukingo wa jiko, na bibi mwenyewe bado anazungumza.

Asubuhi yake binti yake alimleta kwenye kituo chetu kwa bodaboda. Kidole gumba cha mguu wa kulia na kile kinachofuata vilikuwa na malengelenge makubwa, mojawapo limekwishapasuka, na nailoni ya soksi imegandia kwenye ngozi juu ya tabaka la dawa ya meno waliyompaka usiku. Lakini kilichonishtua zaidi ya jeraha ni namna alivyoingia chumbani. Mtu aliyeungua vidole kiasi kile hukanyagia kisigino, hushika ukuta, huuma meno. Yeye aliingia akitembea sawasawa, akaitikia shikamoo yangu kwa utulivu, akakaa.

Naandika kisa hiki nikiwa tabibu niliyemhudumia katika kliniki ya kisukari kwa miaka 2 kabla ya ajali hiyo. Mgonjwa na binti yake wameridhia kiandikwe, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili. Kituo sitakitaja, ila niseme mapema kwamba sehemu ya uzembe utakaoonekana hapa ni yangu mwenyewe.

Faili lilivyosema

Mama huyu aligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili miaka 6 kabla ya kuungua, baada ya miezi kadhaa ya kiu na kukojoa usiku. Alianzishiwa metformini, kidonge cha kushusha sukari, na baada ya miaka 3 akaongezewa kingine, glibenklamidi. Hakuwa mgonjwa mtoro. Nilihesabu mahudhurio 37 katika faili lake, na kila hudhurio lina uzito, presha na sukari ya kufunga, ambayo katika mwaka wa mwisho ilikuwa ikicheza kati ya milimoli 10 na 13 kwa lita, yaani juu kabisa ya kiwango tunachokitafuta cha 4 hadi 7.

Miguu imetajwa mara 4 katika kurasa zote hizo. Mara 2 mtangulizi wangu aliandika "miguu kawaida". Mara 2 zilizobaki imeandikwa "miguu: hana malalamiko", na huo mwandiko ni wangu. Hakuna mahali popote panapoonyesha kwamba viatu vilivuliwa.

Nakumbuka angalau mara moja nilivyomuuliza, kwa sababu nilikuwa nikiwauliza wote kwa maneno yaleyale huku kalamu imekwisha kugusa karatasi: "Mama, miguu haipati ganzi?" Akajibu, "Hapana mwanangu, ganzi sina." Hakunidanganya. Kosa lilikuwa ndani ya swali, na nadhani ni kosa ambalo wahudumu wengi wanaozungumza Kiswahili tunalifanya bila kujua, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Neno ganzi, kwa mzungumzaji wa kawaida, ni jina la kitu kinachokuja na kuondoka. Umekalia mguu wakati wa mahubiri, unainuka, mguu umekufa ganzi. Unausubiri, unachomachoma kama siafu wanapanda, kisha unarudi. Umekula limau, meno yamekufa ganzi, kesho yake yako salama. Ganzi ina mwanzo na mwisho, na wakati wa kuisha inasumbua. Hali aliyokuwa nayo mama huyu haikuwa na mwanzo anaoweza kuutaja, wala haikumsumbua hata siku moja. Hisia ya nyayo zake ilikuwa imepungua kidogo kidogo kwa miaka, kama rangi ya khanga inavyopauka kwa jua, na hakuna asubuhi hata moja aliyoamka akaona kwamba jana ilikuwa tofauti. Ni kweli kwamba wagonjwa wengine huanza kwa miguu kuwaka moto usiku, kuchomwachomwa kama sindano, au kushindwa kuvumilia hata shuka likiwagusa, na hao huja wenyewe kulalamika. Lakini karibu nusu ya walioharibika mishipa ya fahamu kwa kisukari hawana dalili yoyote wanayoihisi. Kwa hao, kuuliza kama wanasumbuliwa ni kumuuliza mtu aliyelala kama amesinzia.

Maswali yaliyopaswa kuulizwa

Baada ya kusafisha jeraha nilikaa na mama na binti yake, nikaacha kutumia neno ganzi kabisa. Niliuliza kuhusu viatu. Binti alicheka kwanza, akamtazama mama yake kana kwamba anaomba ruhusa, akasema: "Ndala zinamvuka. Tunatembea naye njiani, tukigeuka tunaona ndala moja iko nyuma na yeye anaendelea kwenda." Mama akajitetea kwamba ndala za siku hizi mikanda yake imelegea. Lilikuwa jambo la kutaniana nyumbani kwa miaka isiyopungua 3.

Kutoka hapo mambo yalifunguka. Wakati wa kupanda viazi aliwahi kushinda na mabuti ya mpira tangu asubuhi hadi jioni, na alipoyavua ikadondoka punje ya mahindi iliyokuwa imekwisha kuchimba shimo kwenye unyayo. Akiamka usiku kwenda msalani bila taa hushika ukuta, kwa sababu gizani "sakafu inakuwa haipo". Mwaka uliotangulia alikuta damu sakafuni, akamfokea mjukuu akidhani amejikata, kumbe ni yeye aliyekanyaga kipande cha chupa. Kila tukio lilikuwa limekwisha kupata maelezo yake ya nyumbani: ndala mbovu, buti kubwa, uzee, mtoto mtundu. Yakiwekwa pamoja hayahitaji daktari bingwa kuyafasiri. Ndala husimama mguuni kwa sababu vidole huibana bila mwenyewe kufikiri, na vidole huibana kwa sababu vinaisikia. Ukuta hushikwa gizani kwa sababu mtu asiyepata habari kutoka kwenye nyayo zake husimama kwa macho, na macho yakizimwa hana tena cha kusimamia.

Uchunguzi

Mguu wenyewe, ukiutazama kwenye mwanga, ulikuwa umekwisha kuandika historia yake. Vidole vilikuwa vimejikunja kama makucha ya kuku, kwa kuwa misuli midogo ya ndani ya unyayo nayo hupoteza mishipa ya fahamu, ikabaki ile ya juu ikivuta peke yake. Chini ya shina la kidole gumba cha kushoto palikuwa na sugu nene ya manjano, mahali ambapo uzito wote ulikuwa ukiangukia. Visigino vilikuwa vimekauka na kupasuka. Hapo ni lazima kuwa mwangalifu, maana kisigino cha mkulima hupasuka hata asipokuwa na kisukari. Lakini ukavu wake ulianzia juu, hadi kwenye kifundo, ngozi ikiwa kama karatasi, na huo ni ukavu wa mguu ulioacha kutoa jasho kwa sababu mishipa ya fahamu inayoamuru jasho nayo imeharibika. Mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo yalikuwa mazuri katika miguu yote miwili. Hiyo ilikuwa habari njema, na kwa kweli ndiyo iliyoamua kwamba jeraha lina nafasi ya kupona.

Kipimo cha msingi ni uzi wa nailoni, monofilamenti, uliochomekwa kwenye mpini na kutengenezwa ili upinde unapokandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Tulikuwa nao mmoja, umefungiwa kwenye kabati la mfawidhi kwa kuwa ni mali ya kituo na unaweza kupotea. Niliugusisha kwanza kwenye kiganja chake ili ajue anachotafuta, kisha binti akaweka khanga mbele ya uso wake, nikaanza: ncha ya kidole gumba upande wa chini, shina la kidole gumba, shina la kidole cha mwisho. Mahali penye sugu au jeraha hapapimwi, hugusishwa pembeni. Uzi husimamishwa wima, hukandamizwa hadi upinde, huachwa kwa sekunde 2 hivi, huondolewa, bila kuuburuza kwenye ngozi. Kila sehemu hupimwa mara 3, na kati ya hizo mara moja muulizaji huuliza bila kugusa.

Hilo la kuuliza bila kugusa wengi tunaliruka, na ndilo lenye siri yote. Mhudumu anayeuliza "unasikia?" kila anapogusa hufundisha jibu. Mgonjwa mwenye heshima zake, aliyesafiri kilomita nyingi na anayemwona tabibu anahangaika miguuni pake, hatapenda kumwangusha, atasema ndiyo. Mama huyu alisema ndiyo mara 2 wakati uzi uko hewani, na alinyamaza uzi ulipokuwa umepinda kwenye unyayo wake. Jibu huhesabiwa kuwa sahihi akiwa amepatia mara 2 kati ya 3. Katika mguu wa kushoto hakupatia sehemu hata moja. Wa kulia, mbali na vidole vilivyoungua, ulikuwa hivyo hivyo. Nilipopanda juu taratibu, alianza kuusikia uzi upana wa kiganja kimoja juu ya kifundo, na mpaka huo ulikuwa karibu sawa kwa miguu yote miwili.

Uma wa chuma wa kupimia hisia ya mtetemo, unaotetema mara 128 kwa sekunde, ulipowekwa juu ya mfupa wa ncha ya kidole gumba, hakuusikia; kwenye kifundo aliusikia kwa mbali. Nilipogonga kano ya kisigino mguu haukuruka, ingawa magoti yaliruka. Mwishoni niliweka kichwa cha ule uma, ambao kwa baridi ya asubuhi ile ulikuwa kama barafu, katikati ya unyayo, nikauliza ni kitu gani. "Ni kidole chako, mwanangu." Hapo nilielewa jiko. Uzi wa nailoni hupima zaidi mishipa minene, ile ya mguso na mtetemo. Joto, baridi na maumivu husafirishwa na mishipa myembamba, na kwa mama huyu aina zote mbili zilikuwa zimekwenda.

Kwa nini vidole vya miguu, na kwa nini pande zote mbili

Mshipa wa fahamu unaofika kwenye kidole cha mguu hutoka kiunoni, una urefu unaokaribia mita 1, na ndio mrefu kuliko wote mwilini. Sukari iliyo juu kwa miaka huuumiza kwa njia mbili zinazokwenda pamoja: hubadilisha kemia ya mshipa wenyewe, na huziba vishipa vidogo vya damu vinavyoulisha. Kinachofika mbali huanza kufa mwisho wa njia. Ndiyo sababu hasara huanzia kwenye vidole, pande zote mbili kwa ulinganifu, ikapanda kama mtu anayevaa soksi, na inapokaribia magoti vidole vya mikono navyo huanza.

Mtindo huo wa soksi ndio uliotuongoza tulipouliza kama kuna sababu nyingine, kwa maana kisukari si mwizi pekee wa hisia, na katika mikoa yetu hasa ni hatari kusahau wengine. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya virusi vya UKIMWI yaliyo juu zaidi nchini, na virusi hivyo huharibu mishipa ya fahamu kwa mtindo uleule wa soksi; alipima, hakuwa navyo. Hakuwahi kutumia dawa za kifua kikuu, ambazo mojawapo, isoniazidi, huleta ganzi kwa kupunguza vitamini B6. Ukoma ungetarajiwa kuwa wa upande mmoja zaidi, wenye mabaka yasiyosikia na mishipa iliyovimba kwenye kiwiko au pembeni mwa goti; havikuwepo. Pombe tuliiuliza bila kuuma maneno. Ulanzi, pombe ya mianzi, anakunywa wakati wa msimu wa mvua, kikombe kwa kikombe na wenzake, na kwa maelezo ya binti yake si mlevi. Nilimkumbusha tu kwamba ulanzi mbichi, ule mtamu wanaouona kama maji ya matunda, ni sukari inayonyweka.

Iliyobaki ni vitamini B12. Metformini ikitumiwa kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wake, na upungufu huo nao huua hisia za miguu. Kipimo chake hatuna. Wingi wa damu ulikuwa wa kawaida na chembe nyekundu hazikuwa kubwa kupita kiasi, jambo linalopunguza shaka bila kuiondoa, kwa hiyo tuliamua kumpa B12 kwa tahadhari, tukimweleza waziwazi kwamba hatumpi dawa ya kurudisha hisia. Nasisitiza hilo kwa sababu vidonge vya vitamini B mchanganyiko vimekuwa jibu letu la kila ganzi, vinaandikwa mwezi hadi mwezi, na mgonjwa anaondoka akiamini kwamba miguu inatibiwa wakati hakuna aliyeitazama. Dawa kama amitriptilini hutuliza maumivu ya mishipa kwa wale wanaoumia. Mama huyu haumii popote. Kwa hisia iliyokwisha kupotea hakuna kidonge cha kuirudisha. Kinachowezekana ni kushusha sukari ili hasara isiendelee kupanda, na kuulinda mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine uliyekabidhiwa.

Tulichokosa, kwa hesabu

Mwongozo unaofahamika kote ni kwamba mwenye kisukari cha aina ya pili achunguzwe miguu siku ileile anapogunduliwa, kwa sababu huwa amekaa na sukari miaka kadhaa bila kujua, na baada ya hapo kila mwaka. Mwenye aina ya kwanza huanza miaka 5 baada ya kugunduliwa. Kwa hiyo mama huyu alidaiwa uchunguzi wa miguu usiopungua mara 6. Hakupata hata mmoja.

Inafaa kuona tofauti ambayo uchunguzi huo ungeleta. Mguu uliopoteza hisia lakini mzima kwa mambo mengine hutakiwa kuonwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Ukiwa umepoteza hisia na vidole vimekwisha kupinda, kila baada ya miezi 3 hadi 6. Mguu uliowahi kupata kidonda huhamia kundi la mwisho, la kila mwezi 1 hadi 3, na hauhami tena kurudi nyuma hata kidonda kikipona kabisa. Tungemvua viatu mwaka mmoja kabla, tungemkuta katika kundi la kati, tukamwambia habari za jiko. Tulimkuta katika kundi la mwisho.

Sababu za kutomvua viatu zinaeleweka, na nitazitaja bila kuzifanya kuwa udhuru. Siku ya kliniki ni Jumatano, wagonjwa ni kati ya 50 na 60, wahudumu ni 2. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 nchini wana kisukari, na msongamano tunaouona kila wiki hauwezi kuwashangaza waliousoma. Ule uzi wa nailoni nao una udhaifu wake: ukitumika kwa wagonjwa 10 hadi 15 huchoka na unapaswa kupumzishwa saa 24, na baada ya wagonjwa 70 hadi 90 hutupwa. Kwa Jumatano moja yetu ungekuwa umedanganya kabla ya saa nne.

Lakini sababu kubwa zaidi, ambayo haiandikwi kwenye ripoti, ni aibu. Watu wanakuja kutoka mashambani. Ndani ya mabuti kuna matope, soksi zimetoboka, na mama wa makamo hapendi kumwonyesha kijana aliyevaa koti jeupe nyayo zilizopasuka. Nasi tunaliona hilo, tunawahurumia, tunaruka. Tangu kisa hiki tumeweka benchi na beseni la maji nje, karibu na meza ya presha, na muuguzi huwaambia wote wavue kabla hawajafika kwangu. Kwa kuwa wote wamevua, hakuna wa kuona haya. Sikujua kwamba jambo lililotushinda kwa miaka lingetatuliwa na beseni.

Badala ya uzi, muuguzi hutumia kidole chake. Njia hiyo ilitoka hospitali ya Ipswich, Uingereza, ikachapishwa mwaka 2011, na haigharimu chochote. Mgonjwa hufumba macho. Muuguzi hugusa kwa ncha ya kidole cha shahada, wepesi kama unyoya, kwa sekunde 1 au 2, ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho katika kila mguu, jumla sehemu 6, na mgonjwa hutaja mguu ulioguswa kila anaposikia. Haruhusiwi kubonyeza, kupapasa wala kurudia asiposikia, maana ukibonyeza hata mguu uliokufa hupeleka habari kupitia kwenye goti. Asiyesikia sehemu 2 au zaidi huhesabiwa kuwa amepoteza hisia, na huyo ndiye anayeletwa kwangu kwa uzi na uma. Tukio zima halizidi muda wa kufunga na kufungua kipimio cha presha mkononi.

Baridi, jiko na panya

Kumwambia mtu wa Njombe asiote moto mwezi Julai ni rahisi ukiwa unaandika kutoka Dar es Salaam. Hapa tuko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi nyingine majani ya viazi yanaungua kwa barafu, na jikoni ndiko sebule. Tulikubaliana na familia kwamba jiko liwe mbali kiasi cha hatua 3, na kigoda cha bibi kiwe na alama ya chokaa sakafuni ambayo mjukuu ataisimamia. Soksi ziwe za pamba au sufu, jozi mbili ikibidi, na blanketi magotini. Maji ya kuoga yanapimwa na mjukuu, si na mguu wa bibi. Maji ya moto ndani ya chupa kitandani, desturi ya nyumba nyingi za huku, tuliyakataa moja kwa moja.

Kisha nikauliza kuhusu panya, na binti akashangaa. Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliwahi kuandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini wasijue hadi asubuhi. Nyumba ya mama huyu huhifadhi magunia ya mahindi chumbani anakolala. Magunia yalihamishwa, na chandarua sasa huchomekwa chini ya godoro hata msimu usio na mbu.

Mwendo wa jeraha

Kuhusu jeraha lenyewe sina mengi. Lilisafishwa, alichomwa sindano ya pepopunda, likafungwa na kubadilishwa kila siku ya pili, akapunguziwa kutembea, jambo lililokuwa gumu kuliko yote kwa kuwa mtu asiyeumia haoni sababu ya kukaa. Sukari ilishuka baada ya kuhamishiwa kwenye insulini ya jioni wakati jeraha linapona. Kidole cha pili kilifunga katika wiki ya tano. Kidole gumba kilichukua wiki 9 na kilipoteza ukucha, lakini hakikukatwa. Figo zilikuwa salama, na kwa macho alipewa rufaa, kwani sukari iliyoharibu vishipa vinavyolisha mishipa ya fahamu haiachi kutembelea vile vya jicho.

Hudhurio la mwisho kabla sijaandika haya lilikuwa la mwezi wa nne tangu kuungua. Ngozi mpya ilikuwa nyembamba na ya waridi. Sugu ya mguu wa kushoto tuliichonga, chini yake pakaonekana kidoa cheusi kidogo cha damu, dalili kwamba unyayo ulikuwa unajeruhiwa kutoka ndani. Nilimuuliza habari za viatu vya kufunika vidole, vile vipana ambavyo binti yake alivinunua mnadani kwa ajili hiyo hasa, akiambiwa atie mkono ndani kila mara kabla ya kuvaa.

"Vipo, mwanangu," akasema. "Vile nimeviweka vya kanisani."

Alikuwa amekuja na ndala.